Sahihi Isiyo na Mwenyewe

Tarehe 27 Juni 2013 serikali ya Kenya ilitia sahihi mkataba na madaktari wake. Upande mmoja wa meza ilikaa Wizara ya Afya, mwajiri. Upande wa pili walikaa viongozi wa KMPDU, chama cha madaktari, wafamasia na madaktari wa meno, kilichosajiliwa mwaka 2011 tu baada ya Katiba mpya kufungua mlango uliokuwa umekomelewa kwa miaka mingi. Mkataba ulihusu mishahara na marupurupu, saa za kazi, malipo ya kazi ya ziada, masomo ya ubingwa, na uajiri wa madaktari wapya. Wakapeana mikono, wakaenda zao.

Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 haikuacha shaka kuhusu hatua inayofuata. Kifungu cha 60 kinasema mkataba wa aina hiyo uwasilishwe mahakamani kusajiliwa ndani ya siku 14, na kinamtaja wa kuubeba: mwajiri. Mkataba usiposajiliwa hauna meno. Sheria hiyohiyo inakiruhusu chama kuupeleka chenyewe mwajiri akizembea, na jambo hilo lilifika mahakamani na kuzunguka huko hadi 2016. Lakini mzigo wa kwanza haukuwa wa daktari. Ulikuwa wa wizara iliyotia sahihi.

Siku 14 zikapita. Mkataba haukusajiliwa.

Kisha likatokea jambo lililoifaa sana serikali, iwe lilipangwa au lilijipa lenyewe. Tarehe 9 Agosti 2013, wiki sita baada ya sahihi kukauka, huduma za afya zikahamishiwa serikali 47 za kaunti kwa mujibu wa ugatuzi. Daktari aliyelala akiwa mwajiriwa wa wizara Nairobi aliamka akiwa mwajiriwa wa gavana ambaye hakuwahi kuuona huo mkataba. Alipouliza wizara, aliambiwa mwajiri wako ni kaunti. Alipouliza kaunti, aliambiwa sisi hatukutia sahihi, na fedha hazikuja pamoja na kazi. Ikaongezeka sauti ya tatu: Tume ya Mishahara, SRC, iliyoundwa na Katiba kushauri kuhusu malipo ya watumishi wa umma, ikasema haikushauriwa. Madaktari wakapigwa danadana kati ya ofisi tatu, kila moja ikiwa na barua rasmi ya kuthibitisha kwamba jambo hilo si lake.

Ni rahisi kusahau kwamba hawa hawakuwa watu wapya katika mgogoro. Mwaka 1994, chini ya Rais Daniel arap Moi, madaktari wa Kenya waligoma siku 105 wakidai, pamoja na mambo mengine, haki ya kuwa na chama chao. Hawakupewa. Baadhi walipoteza kazi, na wapo walioondoka nchini na kwenda kutibu watu wengine kusini mwa bara. Mwaka 2011, chama kikiwa bado kichanga, waligoma Desemba. Wakagoma tena Septemba 2012. Katikati ya migomo hiyo, Machi 2012, serikali ilitangaza kuwafuta kazi wahudumu wa afya 25,000 kwa mpigo, wengi wao wauguzi, kisha ikawarudisha siku chache baadaye ilipotambua kwamba haina watu wengine 25,000 wa kuwaweka mahali pao. Tangazo lile linatufundisha mengi kuhusu namna serikali ilivyowahesabu watu wake: kama gharama ya kukata, mpaka siku wodi zilipobaki tupu.

Katiba ya 2010, wakati huohuo, ilikuwa imeahidi mambo mawili kwenye kurasa zinazokaribiana. Ibara ya 41 inampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa haki kazini, kujiunga na chama na kugoma. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana. Wanasiasa walipenda kuziweka ibara hizi mbili zigombane, haki ya daktari dhidi ya haki ya mgonjwa. Mimi nimezisoma mara nyingi na sioni ugomvi. Mdaiwa wa zote mbili ni mmoja.

Oktoba 2016, miaka mitatu baada ya sahihi, ripoti ya ukaguzi wa ndani wa Wizara ya Afya ilivuja magazetini. Wakaguzi walihoji matumizi ya takriban shilingi bilioni 5. Miongoni mwa mambo yaliyoibuka ni kliniki 100 za makontena, zilizonunuliwa kwa karibu shilingi bilioni 1 ili zipelekwe mitaa ya mabanda, lakini makontena yenyewe yalikutwa yamejipanga Miritini, Mombasa, juani, hayajamhudumia mgonjwa hata mmoja. Wizara ilitoa maelezo, Bunge likaita watu, makontena yakaendelea kukaa. Na mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imeingia mkataba mwingine, wa kukodi mashine za hospitali kwa shilingi bilioni 38, nyingine zikiishia kukaa bila kazi kwa sababu hospitali haikuwa na mtaalamu wa kuziendesha au umeme wa kutosha. Mkataba wa mashine uliheshimiwa. Kaunti zilikatwa fedha zake kila mwaka, zitumie mashine zisitumie.

Hapo ndipo ilipozaliwa kaulimbiu ambayo madaktari waliibeba kwenye mabango na mitandaoni: Lipa Kama Tender. Mnajua kulipa, walikuwa wakisema. Tumewaona mkilipa.

Mgomo ulianza Jumatatu, tarehe 5 Desemba 2016. Siku hiyohiyo, katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, Nairobi, zaidi ya wagonjwa 100 walitoka na kuingia mitaani kwa kuwa hapakuwa na wa kuwaangalia. Madaktari wa jeshi walipelekwa Hospitali ya Kenyatta. Hospitali za kaunti zilifunga vyumba vya upasuaji. Aliyekuwa na uwezo alikwenda hospitali ya binafsi au ya misheni, na asiyekuwa nao alibaki nyumbani. Wauguzi nao waligoma, wakarejea kazini kabla ya madaktari.

Kuhusu vifo, kila upande ulikuwa na simulizi zake, na wapo waliokufa mlangoni pa hospitali zilizofungwa. Ila kuna utafiti mmoja ambao ningependa ujulikane zaidi. Watafiti wa Kilifi walichunguza migomo iliyotangulia, kati ya 2010 na 2016, wakilinganisha vifo vya siku za mgomo na vya siku za kawaida. Kwa jumla hawakuona mabadiliko, ingawa watoto wa kati ya mwaka mmoja na mitano walionyesha dalili za kuathirika. Mtu anaweza kuyasoma matokeo hayo kama habari njema. Anaweza pia kuyasoma kwa namna nyingine: kwamba kwa mkazi wa kijijini, hospitali ya umma iliyo wazi haikuwa na tofauti kubwa na iliyofungwa. Madaktari walikuwa wakisema hivyo tangu mwanzo. Walisema wanatibu bila glavu, bila dawa, wakiandika vyeti vya kununulia vitu dukani. Lakini magazeti yaliandika kwa herufi kubwa nyongeza ya mshahara ya asilimia 300, na tarakimu hiyo ikameza mengine yote. Mwananchi anayelipwa kibarua kwa siku alisikia asilimia 300 na akafunga masikio. Serikali ilijua atafunga.

Mapema Januari 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwaita viongozi wa chama Ikulu ya Mombasa. Aliwapa nyongeza ya asilimia 40: daktari wa ngazi ya chini apande kutoka takriban shilingi 140,000 kwa mwezi, pamoja na marupurupu, hadi takriban 196,000. Wakaenda kushauriana na wenzao, wakarudi na jibu kwamba hawataki. Walichotaka ni mkataba wa 2013. Serikali ikasema mkataba huo si halali. Kwa nini? Haukusajiliwa mahakamani, na SRC haikushauriwa.

Hebu tusimame hapa kidogo, maana ndipo penye kiini. Mwenye wajibu wa kuusajili alikuwa mwajiri. Mwenye uwezo wa kumwita mshauri wake wa mishahara kabla ya kushika kalamu alikuwa mwajiri. Serikali ilikuwa ikijitetea kwa makosa yake yenyewe, na kwa miezi mitatu utetezi huo ulisikilizwa kwa heshima kama hoja ya kisheria. Siku moja tu ya kuulizana nani alizembea ingetosha kuubomoa. Siku hiyo haikupangwa kwenye ratiba ya mtu yeyote.

Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ilikuwa imeamuru mgomo usitishwe. Madaktari hawakusitisha. Tarehe 12 Januari Jaji Hellen Wasilwa aliwahukumu viongozi wa chama kifungo cha mwezi mmoja, akakiahirisha ili kuwapa muda wa kuzungumza na serikali. Mazungumzo hayakuzaa kitu. Tarehe 13 Februari 2017 viongozi saba, akiwemo mwenyekiti Samuel Oroko na katibu mkuu Ouma Oluga, walipelekwa gerezani. Waligawanywa katika magereza tofauti. Madaktari wa hospitali za binafsi, ambao mshahara wao haukuhusika hata kidogo na mkataba ule, waliitwa nao kuweka zana chini kwa saa 48.

Jaji alikuwa na amri iliyovunjwa mbele yake, na amri ya mahakama haiwezi kuachwa ivunjwe hivihivi. Hilo nalikubali. Lakini sheria mbili zilivunjwa katika kisa hiki, ya kifungu cha 60 na ya amri ya kusitisha mgomo, na waliolala ndani ni wa upande mmoja. Hakuna ofisa wa wizara aliyelala rumande kwa ajili ya mkataba uliokaa bila kusajiliwa.

Siku mbili baada ya viongozi wale kufungwa, Mahakama ya Rufaa iliwaachilia, na Chama cha Mawakili pamoja na Tume ya Haki za Binadamu wakakabidhiwa usuluhishi. Viongozi wa dini wakaingia pia. Tarehe 14 Machi 2017, siku ya mia moja barabara, mapatano ya kurudi kazini yalitiwa sahihi. Mkataba mpya ungejadiliwa na kusajiliwa ndani ya siku 60.

Siku nne baada ya hapo, ujumbe wa Kenya ukiongozwa na Waziri wa Afya Cleopa Mailu ulikuwa Ikulu ya Dar es Salaam. Ulikuwa umekuja kumwomba Rais John Magufuli madaktari 500. Magufuli alikubali palepale, akisema wapo. Kwa Wakenya walioingia kazini wiki hiyohiyo baada ya siku mia moja za kuambiwa hakuna fedha, habari ile ilikuwa kofi. Kulikuwa na madaktari wa Kenya waliosoma kwa kodi ya Kenya na hawajaajiriwa. Madaktari watano wakaenda mahakamani Nairobi, na mahakama ikauzuia mpango huo.

Tanzania nayo ilikuwa na kumbukumbu zake. Mwaka 2012 madaktari wake waligoma, na usiku mmoja wa Juni kiongozi wao, Dk. Steven Ulimboka, alitekwa, akapigwa vibaya na kutupwa msitu wa Mabwepande, nje kidogo ya Dar es Salaam. Sasa, miaka mitano baadaye, tangazo la kazi za Kenya lilifichua jambo ambalo halikusemwa sana: nchi yenye upungufu mkubwa wa madaktari ilikuwa na mamia ya madaktari waliofuzu wakikaa nyumbani bila ajira, tayari kuvuka mpaka wa Namanga. Mahakama ya Kenya ilipozuia mpango, Magufuli aliagiza Aprili 2017 kwamba 258 waliokuwa wameomba na kukidhi vigezo waajiriwe mara moja na serikali yao wenyewe. Kwa hiyo kesi iliyofunguliwa Nairobi ndiyo iliyowapatia Watanzania 258 kazi Tanzania. Sijui kama kuna mwanasheria wa kazi aliyewahi kupata ushindi wa namna hiyo kwa watu ambao hawakuwa wateja wake.

Kenya ilipata wageni wake mwaka uliofuata. Juni 2018 waliwasili madaktari 100 kutoka Cuba, wakagawanywa katika kaunti zote. Aprili 2019 wawili kati yao walitekwa Mandera wakiwa njiani kwenda kazini, na hawakurudi. Mpango ulifutwa mwaka 2023.

Wauguzi hawakungoja zamu ya kuonewa huruma. Kuanzia tarehe 5 Juni 2017 hadi mwanzoni mwa Novemba, miezi mitano, waligoma wakidai mkataba wao. Yaani kati ya Desemba 2016 na Novemba 2017, Mkenya wa kawaida aliyeugua alikuwa na nafasi ndogo kuliko nusu ya kumkuta daktari na muuguzi pamoja hospitalini. Katikati ya hayo kulikuwa na uchaguzi mkuu, na ule wa urais ukarudiwa, na kampeni zilizungumzia mambo mengine.

Mkataba wa madaktari wa 2017 hadi 2021 ulipatikana hatimaye. Ndani yake kulikuwa na kifungu ambacho wakati ule hakikupigiwa kelele: daktari mwanagenzi, yule aliyemaliza chuo na anatumikia mwaka wake wa lazima hospitalini kabla ya kupewa leseni, alipwe shilingi 206,400 kwa mwezi.

Kisha ikaja Korona. Mwaka 2020 bohari kuu ya dawa ya serikali, KEMSA, ilinunua vifaa vya shilingi bilioni 7.8, na Mkaguzi Mkuu wa Serikali alipovipekua alikuta ununuzi uliokiuka taratibu na bidhaa zilizorundikana ghalani kwa bei ambazo soko halikuzijua. Watu wakaanza kuzungumzia mamilionea wa Covid. Desemba mwaka huo daktari wa miaka 28 aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa Korona katika Kaunti ya Machakos alifariki kwa ugonjwa huohuo. Alikuwa kwenye kandarasi, hakuwa na bima ya afya, na wenzake walisema alikuwa hajalipwa kwa miezi mitano. Glavu na barakoa za bilioni zilikuwa ghalani. Siku chache kabla ya Krismasi madaktari waligoma tena, wakiongozwa na Chibanzi Mwachonda, mmoja wa wale saba wa Februari 2017.

Suala la wanagenzi lililipuka mwaka 2024. Wahitimu walikaa nyumbani wakingoja kupangiwa hospitali, nao mwaka wa uanagenzi si hiari. Bila huo hupati leseni, na bila leseni shahada ni ya kutundika ukutani. Serikali ikasema itawapanga, ila kwa shilingi 70,000, si 206,400. Haina fedha. Tarehe 29 Februari madaktari waliandamana kuelekea Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya, na katibu mkuu Davji Atellah alijeruhiwa kichwani na kopo la gesi ya kutoa machozi, akakimbizwa hospitalini. Mgomo ulianza tarehe 14 Machi 2024, miaka saba kamili tangu yale mapatano ya siku ya mia moja. Safari hii hakuna aliyeweza kusema mkataba haukusajiliwa. Serikali ya Rais William Ruto ilisema kwamba nchi lazima iishi kwa uwezo wake, na kwamba mkataba uliotiwa sahihi na serikali iliyotangulia uangaliwe upya.

Siku ya 56 ya mgomo, tarehe 8 Mei, Mkuu wa Utumishi wa Umma Felix Koskei na Atellah walitia sahihi mapatano mengine ya kurudi kazini. Malipo ya wanagenzi, jambo lenyewe lililowatoa watu wodini, yaliwekwa kando yazungumzwe baadaye. Muda uliotolewa ni siku 60.

Machi 2025 Rais Ruto aliteua makatibu wapya wa wizara. Katika Idara ya Huduma za Matibabu alimweka Dk. Ouma Oluga, katibu mkuu wa chama aliyefungwa mwaka 2017. Aliapishwa na kuingia Afya House, jengo ambalo aliwahi kusimama nje yake na megafoni.

Katikati ya mwaka huo nje ya jengo walikuwepo wengine. Walikuwa wahudumu wa afya walioajiriwa mwaka 2020, wakati wa Korona, kwa kandarasi ya miaka mitatu chini ya mpango wa Afya kwa Wote. Kandarasi ilirefushwa, lakini hawakupewa ajira ya kudumu, na mshahara wao ulibaki chini ya ule wa wenzao waliofanya kazi ileile katika wodi ileile. Walikuwa maelfu, wametapakaa kaunti zote. Wengi walisafiri hadi Nairobi, wakapiga kambi, wakalala hapo. Wizara, ambayo Oluga wakati huo alikuwa mmoja wa wasemaji wake, iliwaambia kwamba watahamishiwa kaunti. Magavana walisema hawawapokei mpaka fedha zao zije kwanza.